Ndege wa Ukutani

Kwa mdogo wangu Puseletso,

Salamu. Natumaini magoti yamepoa na baridi haijaunguza mtama wako. Mimi mzima, hasira ndiyo inayonipa nguvu. Naandika kwa sababu simu zangu hupokei.

Ulikuja kunisaidia kukandika nyumba ya mjukuu wangu Thabang kabla wakwe hawajafika, ukanisema mbele ya majirani kwa ajili ya ndege niliyemchora ukutani: Dada, huyo ni ndege au kuku aliyegongwa na lori? Wakacheka. Ukaongeza kwamba tangu bwawa lilipomeza kijiji chetu nimekuwa mlinzi wa makaburi, siachi hata unyoya upotee. Nikakujibu kwamba uma unaujulia nyama tu, si kuchora ukuta. Ukabeba blanketi lako ukaondoka, hata chai hukunywa.

Nikabaki na ukuta. Unajua udongo uliochanganywa na samadi haumngoji mtu: ukikauka, uma hauchori, unaparuza. Mama, kwenye ukuta wa nyumba yetu ya zamani, alikuwa na ndege mmoja tu, kando ya mlango. Mimi niliugawa ukuta miraba, nikamtaka katika kila mraba, na jicho lake na manyoya ya mkia. Nilipofika kwenye mistari, udongo ulishakuwa kigae. Na pale nilipowahi, mistari inayopaswa kushikana mraba kwa mraba ilimgonga ndege ikakatika.

Jana nilibandua nikakandika upya. Nikachora mistari, nikambakiza ndege mmoja mlangoni, kama wa Mama. Hata huyo aling'ang'ania macho, ukuta mwingine wote ukasahaulika. Nikamfuta kwa kiganja. Hapo mistari ikashikana, ukuta ukawa kama unatembea, kama ule wa kwetu ulivyotembea ukiutazama kutoka ng'ambo ya mto.

Sasa sikia usilolijua. Mama hakumbuni yule ndege. Ulikuwa unajifunza kutembea, ukajikwaa, ukauegemea ukuta mbichi kwa kiganja. Nilitaka kukuchapa. Mama akanizuia, akaitia alama ya kiganja chako mdomo na jicho; vidole vikawa mkia. Kila alipokandika upya alimchora tena, hata ulipokuwa umeshaolewa.

Kuku wako aliyegongwa na lori ni wewe.

Wakwe wanakuja Jumamosi. Njoo uone ukuta ulivyopendeza bila wewe. Ukija na mdomo, rudi nao. Ukija na mikono, udongo kidogo umebaki ndooni, nimeufunika gunia lililoloa.

Nisalimie shemeji na watoto, wao hawajanikosea.

Dada yako,
Malineo