Kwa Nini Bado Tunasoma Palepale

Kwako Papa, uliyevuka mpaka na hukurudi,

Wazee wa kanisa letu hapa Bwera wamenikabidhi watoto wako wa katekisimu. Nilikataa. Wakasema binti wa katekista amekulia ndani ya Biblia, atashindwaje? Wewe unanijua: hata darasani nikiulizwa jina langu naangalia viatu. Lakini nilichoogopa hasa ni sheria yako.

Hukufundisha neno lolote kabla ya kulitenda. Wiki ikiisha hujalitenda, ulisimama mbele yetu ukasoma mistari ileile, ukasema, "Mwalimu wenu bado," ukaketi. Mbuzi wa jirani yetu Muhindo alipomaliza maharagwe yetu, mkatukanana njiani, somo lilikuwa lile la kuacha sadaka yako altareni na kwenda kwanza kupatana na ndugu yako. Tulilisoma Jumapili baada ya Jumapili, mpaka wadogo wakalikariri. Mama akakutania huku akichambua sombe, majani ya muhogo: "Mwalimu, Biblia yako iko na ukurasa mumoja tu?" Kesho yake ulijitwika mkungu wa ndizi ukaenda kwa Muhindo. Tangu siku hiyo mkawa marafiki, na boda yake ikawa kama yako.

Ndiyo maana ulipopata habari kwamba waumini wa kijiji chetu cha zamani, huko ng'ambo ya mpaka, upande wa Butembo, wanazika watu wao bila mtu wa kuwasomea sala, ni yeye aliyekupeleka. Alirudi peke yake. Alisema risasi zililia mbele yenu, ukaanguka kutoka kwenye pikipiki, akageuza na kukimbia. Hakuona kitu, hakusikia kitu. Mwili hatukuupata. Mama alilaza kanzu yako nyeupe kitandani, akaililia hiyo.

Kuna wazo ninaloogopa hata kuliandika, Papa. Kama usingelitenda lile neno, usingekuwa na rafiki mwenye pikipiki.

Siku hizi Muhindo anaketi benchi la mwisho na hapokei komunyo. Kwenye stendi, abiria akipanda, waendesha boda wenzake humchokoza: "Muhindo, huyu utamufikisha?" Yeye huwasha pikipiki na kuondoka. Mimi sikuwa nimemsalimu tangu arudi. Na somo la kwanza nililopangiwa kufundisha lilikuwa lilelile, la sadaka na ndugu.

Basi Jumamosi nilienda. Nilimkuta ukingoni mwa mto Lhubiriha akiosha pikipiki. Njia nzima nilikuwa nimeyapanga maneno: Papa Muhindo, nimekuja kukusamehe. Kabla sijafungua mdomo, alisema bila kuniangalia:

"Masika, mwalimu aliniita. Niliwaambia sikusikia kitu. Nilimusikia. Aliniita kwa jina."

Nilikuwa nimekuja kumsamehe mtu aliyeogopa, si mtu aliyekusikia. Nilisimama nikitazama povu la sabuni likichukuliwa na maji, kisha nikaondoka.

Jumapili nilisoma mistari ile kwa sauti ambayo hata benchi la pili halikuisikia vizuri. Nikasema, "Mwalimu wenu bado," nikaketi. Watoto hawakucheka, kwa sababu wanaijua sheria. Kule nyuma Muhindo aliinamisha kichwa. Hata yeye anaijua.

Tumesoma palepale tena, na tena. Nilikata mkungu shambani kwetu kama ulivyofanya wewe. Kila Jumamosi najitwika mkungu huo, nafika kwenye kona ya nyumba yake, narudi nao. Ndizi zimeanza kuiva, na Mama anaziona. Juzi mtoto mmoja aliniuliza lini tutafungua ukurasa mwingine. Nilimwambia sijui, na huo ndio ukweli wote nilioweza kuwafundisha mpaka sasa.

Ningependa kujua ulimwita kwa sauti gani: ya kumwomba akurudie, au ya kumwambia akimbie. Ningejua hilo, labda ningefika mlangoni. Lakini najua ungenijibu kwamba neno lile halikusema tungoje kwanza kujua.

Lala, Papa, popote walipokuacha. Kama kuna nyasi juu yako, ziwe laini.

Binti yako wa kwanza, ambaye bado,
Masika