Namba Juu ya Ng'ombe wa Baba Mdogo

Ijumaa, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Lemara. Baridi ya kukunja vidole. Mlima hauonekani kabisa, ukungu umeufunika tangu jana. Nimevaa soksi mbili mbili, nina kikombe cha chai mkononi, na bado nina hasira. Nililala nayo, na ilipofika alfajiri yenyewe ndiyo iliyoniamsha.

Saa tatu natakiwa ofisini Njiro na mchoro. Mchoro wenyewe sijauchora. Acha kwanza niyaandike yote hapa, maana nikimsimulia mtu kwa mdomo nitapiga kelele na mwenye nyumba atakuja kugonga.

Kwa anayesoma hapa kwa mara ya kwanza: kazi yangu ni kuchora katuni zinazotembea. Kampuni ikiwa na kifaa kipya ambacho watu hawakielewi, inakuja kwetu, nasi tunaitengenezea filamu ya dakika mbili. Mtu ana shida, kifaa kinatokea, kinafanya hivi na hivi, mtu anacheka. Nimeshachora mita za maji, taa za jua, hata kifaa cha kupima unyevu wa kahawa. Naipenda kazi hii. Nasema hivi mapema ili nisionekane kama mtu anayechukia kila kitu.

Safari hii ilikuwa mkanda wa ng'ombe. Unamfunga shingoni, ndani yake kuna kidude kinachotuma habari kwenye simu yako, unajua ng'ombe yuko wapi. Wanunuzi waliolengwa ni wafugaji wa upande wa magharibi wa mlima, yaani kwetu. Mimi ni Mwarusha. Dada Belinda, bosi wangu, alinikabidhi kazi hiyo siku ileile mteja alipotoka mlangoni. "Naishiye, hii ni yako," akasema, nami nikavimba kichwa.

Ugomvi wa kwanza ulikuwa juu ya ng'ombe. Belinda alitaka tutumie wale wa kununua mtandaoni, weusi kwa weupe, viwele vya waridi, wanene kama mito ya kochi. Nikakataa. Mfugaji wa kwetu ukimwekea picha ya ng'ombe hatazami kifaa, anamtazama ng'ombe. Anatazama nundu, mbavu, anavyokanyaga. Akishaona ng'ombe ni wa uongo, mkanda nao anauona wa uongo. Nilibishana siku mbili, nikashinda.

Nikaenda kwa baba mdogo.

Baba yangu alifariki nikiwa darasa la tano, na tangu hapo mdogo wake ndiye baba. Kwetu mtoto hampi mkubwa mkono. Unainamisha kichwa, naye anaweka kiganja juu ya utosi wako. Nina miaka ishirini na saba na bado namwinamia vilevile kama nilivyomwinamia siku ya mazishi ya baba, na kiganja chake bado kinanukia maziwa na ugoro. Nilipomwomba niwachore ng'ombe wake aliuliza swali moja tu: "Utawachora vizuri?"

Niliwachora vizuri. Jioni tatu nilikaa kwenye jiwe karibu na lango la zizi na daftari mapajani. Mwekundu wa sikio lililochanika. Kijivu wa pembe iliyopinda. Mweupe wa madoadoa, ambaye huingia wa mwisho kwa kusudi, kama mtu anayetaka kubembelezwa. Niliwachora mmoja mmoja hadi wakaisha. Sikuwahesabu.

Kwetu hakuna anayesimama langoni kuhesabu ng'ombe, wa kwake wala wa mwenzake. Mwenye mali anawatazama wakiingia na anajua nani hayupo, kama mama mwenye watoto wengi anavyojua wakati wa kula nani hajafika. Kumtajia mtu idadi ya ng'ombe wake, tena mbele za watu, ni kumtakia mabaya. Hata hapa sitaiandika, kwa hiyo msiniulize.

Ndiyo maana katika michoro yangu hapakuwa na namba. Ng'ombe wanaingia zizini, simu inaonyesha sura ya yule ambaye hajarudi, mzee anajua wa kumfuata. Sura tu. Niliwaeleza mezani wote wakisikia, Belinda akasema ni wazo zuri, akaliandika hata kwenye daftari lake.

Jumatatu saa kumi jioni filamu iliyokamilika ikaingia kwenye simu yangu. Kelvin, mwenzangu anayemalizia sauti na maandishi, alikuwa amepewa maagizo mapya bila mimi kuambiwa. Kila ng'ombe akipita langoni, namba kubwa ya njano inaruka juu ya mgongo wake. Ting! Anayefuata, ting! Hadi wa mwisho, kisha jumla inavimba katikati ya skrini, nyota zinaizunguka. Eti namba inauza. Kelvin alihesabu michoro yangu, na michoro yangu ilikuwa ng'ombe wa baba mdogo, wote, hakuna aliyezidi wala aliyepungua.

Niliiona.

Hapa ndipo ninapotaka kujisema mwenyewe kabla sijawasema wengine. Niliiona Jumatatu, kabla ya mzee yeyote kuiona. Niliandika ujumbe mrefu kwa Belinda, nikaufuta. Mkataba wangu unaisha mwezi huu, na nilikuwa nimeshagombana kuhusu viwele vya waridi. Nikajiambia wazee hawatatilia maanani, ni katuni tu. Nilijidanganya mchana kweupe.

Jumanne tulikuwa kwenye ukumbi wa kanisa, huko juu ya Ngaramtoni, kuwaonyesha wafugaji filamu. Kumbe baba mdogo alikuwa amepita mwenyewe nyumba kwa nyumba kuwaita wazee wa rika lake. "Njooni mwone kazi ya binti yetu." Ukumbi ulijaa. Yeye alikaa benchi la mbele, shuka mpya, fimbo katikati ya magoti.

Ng'ombe wa kwanza alipotokea ukutani, ukumbi mzima ulicheka kwa furaha. "Si yule wa pembe!" mzee mmoja alipaza sauti. Walikuwa wanawatambua. Mzee wa kwenye katuni naye walimtambua, maana nilimpa masikio ya baba mdogo yaliyotogwa na ule mtindo wake wa kusimama kwa mguu mmoja akiegemea fimbo. Baba mdogo aligeuka akanitazama. Sijawahi kuona uso wake ukiwa vile. Miaka yote hii ya kuambiwa binti amesoma ili aje kuchora katuni, na siku hiyo mbele ya rika lake zima alikuwa anajivunia mimi.

Kisha ting.

Ting ya pili, kicheko kikapungua. Ya tatu, kikakatika. Nilikuwa nimekaa kando ya projekta, waya uko karibu na mguu wangu, ningeuvuta tu. Sikuuvuta. Namba zilipanda moja baada ya nyingine katika kimya ambacho sijawahi kukisikia mahali penye watu wengi hivyo, na jumla ikavimba na nyota zake za kijinga.

Baba mdogo akasimama, akatoka. Hakunitazama, hakuutazama ukuta. Wenzake wakamfuata mmoja mmoja, bila kelele, bila hata kuulizana. Mjumbe wa kampuni akabaki na maboksi yake ya mikanda na kreti za soda ambazo hazijafunguliwa.

Nilimkimbilia mlangoni, nikainamisha kichwa. Nikasubiri nikizitazama katambuga zake za tairi. Zikasimama kidogo, kisha zikaondoka.

Basi, hayo yalikuwa ya Jumanne. Nilidhani yameisha, tutaomba radhi, tutaondoa namba, tutaanza upya. Jana asubuhi Belinda akatuita mezani na uso wa mtu mwenye habari njema. Mteja hajakasirika, alisema. Mteja anataka filamu ya pili, ya kuelimisha. Hadithi yake ni hii: mzee anaogopa namba. Kwa sababu ya ushamba wake ng'ombe wanapotea. Mzee analia. Mjukuu anakuja na simu, anawahesabu, wanapatikana. Mzee anaona aibu, kijiji kizima kinacheka.

"Na tumtumie mzee yuleyule," Belinda akaongeza, "watu wameshamzoea."

Mzee yuleyule! Mwenye masikio ya baba yangu mdogo, aliyenikalisha kwenye jiwe lake akaniamini. Ndiye nimchore akilia na kuchekwa, ili wauze mikanda.

"Karne hii mtu anaogopa namba?" akasema. "Lazima waelimishwe."

Haya, dada Belinda, kwa kuwa hapa husomi, acha nikujibu. Wewe ulipokuwa na mimba uliificha hadi mwezi wa saba. Ulivaa magauni mapana kama mapazia, na Kelvin alipokuuliza jikoni kwa sauti ya juu, hukumsemesha wiki nzima. Hakuna aliyekutengenezea filamu ya kukuelimisha. Sote tulielewa. Kuna vitu mtu havitangazi hadi viwe salama, na vingine havitangazi kamwe, na hiyo ni haki yake. Au haki hiyo inapewa wenye vyeti tu, mwenye katambuga anaitwa mshamba?

Na hata tukiacha heshima, tuseme kazi tu. Filamu ya mita za maji ilipowachanganya watu wa Themi, tulifanya nini? Tulichora mita upya. Wala hatukusema watu wa Themi hawana akili. Ukimweleza mtu kitu kwa picha na asikielewe, au akielewe kisha ainuke atoke, picha ndiyo iliyoshindwa. Mimi nimejifunza hivyo na bado naamini hivyo. Lakini kumbe kanuni hiyo inaishia pale lami inapoishia.

Inaniuma zaidi kwamba hayo yote nimeyasema hapa tu. Jana mezani nilikuwa na daftari. Niliandika "mzee anaona aibu" kwa mwandiko mzuri, nikapiga mstari chini yake. Belinda aliponiuliza kama kesho saa tatu mchoro wa kwanza utakuwa tayari, nilijibu, "Sawa."

Sawa!

Saa nane mchana niliaga kwamba tumbo linauma, na halikuwa uongo. Nikapanda gari hadi Ngaramtoni, nikachukua bodaboda. Baba mdogo alikuwa amesimama langoni, anasubiri ng'ombe. Nikamsalimu shikamoo, nikainama. "Marahaba," akajibu. Kiganja hakikuja. Nikanyanyuka mwenyewe, nikasimama kando yake.

Ng'ombe wakaanza kuingia. Tukawatazama hadi yule wa madoadoa akajivuta mwisho kabisa. Ndipo baba mdogo, bila kunigeukia, akauliza:

"Nani hayupo?"

Nikatazama migongo na pembe zikisukumana ndani. Sikuhesabu. Sikuhitaji kuhesabu, nimewachora wale mmoja mmoja.

"Mwekundu," nikasema. "Wa sikio lililochanika."

Akaelekeza fimbo nyuma ya nyumba. "Amezaa leo asubuhi. Yuko nyuma kwa mama yako mdogo. Nenda kamtazame."

Nikaenda. Ndama mdogo, miguu bado inamtetemeka, rangi ya mama yake, masikio yake mazima yote mawili. Mama mdogo alinipa chai, akaniuliza habari za mjini kana kwamba hakuna kilichotokea, na wema wake ukaniliza. Halafu nikacheka peke yangu, kwa sababu ile jumla ya njano yenye nyota ilikuwa imeshakuwa uongo kabla ya wiki kwisha.

Nilipotoka kuaga nilimweleza baba mdogo habari za filamu ya pili. Sikuficha kitu. Mzee, machozi, mjukuu, kicheko. Nilitegemea akasirike. Nilitaka sana akasirike, tukasirike wote wawili, tuwe upande mmoja.

Alisikiliza hadi mwisho.

"Na wewe ulisemaje?" akauliza.

Ningeweza kudanganya, lakini sikudanganya.

"Nilisema sawa, baba."

Akatikisa kichwa taratibu, akavuta shuka yake begani. "Haya, nenda salama," akasema. Mkono wake ulibaki kwenye fimbo.

Sasa ni saa moja. Chai imepoa, ukungu bado. Nimeitafuta ile michoro yangu ya kwanza, ile ya sura bila namba, nimeichapa yote na kuiweka kwenye bahasha. Hiyo ndiyo itakayofika Njiro saa tatu. Mzee wa kuchekwa hatafika. Nitamwambia Belinda hapana, mbele ya Kelvin na mbele ya mteja kama atakuwepo, na nitamwambia pia kwamba niliiona filamu Jumatatu nikanyamaza, kwa hiyo katika lawama ya ukumbini nina sehemu yangu. Mkataba wasipouongeza, wasiuongeze. Naandika hivyo huku naogopa, nisijifanye shujaa.

Jumapili baada ya ibada nitapanda tena hadi pale langoni. Najua ataniuliza nilisemaje, na ataniuliza kabla sijainama.