Namba ngeni kwenye grupu la mtaa

Anuari, nimejiaibisha kwenye grupu la mtaa.

Imeingia namba ngeni. Mimi admini nikaandika kama kawaida: "Karibu Utemini. Wewe nani, na umepanga kwa nani? Asiyejitambulisha namtoa."

Ikajibu: "Shikamoo baba. Ni Hajira. Nimepanga kwa mzee Kombo."

Hajira, binti yangu. Namba yake niliifuta alipoolewa bila ridhaa yangu, mwaka juzi.

Mtaa mzima umesoma. Mama Radhia akauliza, "Humjui mwanao?"

Hajira akaandika, "Kumbe ulinifuta, baba." Akatoka kwenye grupu.

Kumbe ulinifuta, baba.

Sasa nimesimama mlangoni kwa Kombo. Ndani analia mtoto mchanga, na Hajira anambembeleza. Hakuna aliyeniambia nina mjukuu. Anuari, nashindwa kupiga hodi.