Mkwe wa Baba Yangu

Bombay, Jumamosi

Dada yangu mpendwa Kumud,

Kabla ya salamu nakusihi: isome barua hii peke yako, hata mama asisikie neno. Je, hamjambo? Kifua cha mama kimepoa? Mimi mwili ni mzima, moyo ndio hautulii.

Unajua kazi yangu ni kupiga chapa maneno ya ile tamthilia ya televisheni inayosimulia utenzi wetu mtukufu kwa upande wa malkia. Hapa Bombay mfalme mumewe huabudiwa, ni Bwana Mungu, basi. Hawajui kwamba kwetu Mithila, alikozaliwa malkia, huyo ni mkwe, na kwenye nyimbo za arusi wanawake humtania mpaka ajute kuoa. Nikawa najiuliza: binti yetu alipotakiwa apite motoni kuthibitisha usafi wake, alimwitaje mumewe?

Mwandishi wetu, Mzee Sathe, aliandika: “Bwana wangu, nimetii.” Nakala iliyomfikia mwigizaji ilisema: “Mkwe wa baba yangu, nyumbani wakiniuliza ulinitunzaje, niwajibu nini?” Aliyatamka machozi yakimtoka. Muuza chai akanong'ona kwamba lo, leo mama malkia kasema. Jumapili yakarushwa hewani.

Barua zikamiminika. Wanawake wanashukuru, wengine wanatutukana. Pandit, yule mwanazuoni wa dini anayetukagulia maandiko, alifoka kwamba tumemfanya Mungu shemeji wa kutaniwa kisimani. Mtayarishaji akamwambia Mzee Sathe kwamba uzee umemlevya, na Jumatatu jioni akusanye vitu vyake. Mzee aliniangalia, akatania kwamba pengine mashine ya chapa imeolewa Mithila. Hakunitaja.

Dada, nilimwambia mzee kuwa ni kosa la chapa. Neno “mkwe” kweli liliniponyoka, vidole vilizoea ya nyumbani. Lakini swali lile niliongeza kwa macho makavu, nikitaka nimsikie malkia akiuliza. Jumatatu asubuhi nitaingia kwa mtayarishaji niseme ukweli wote kama nilivyokuandikia. Naogopa.

Nibusie watoto, na mama mwambie nakula vizuri. Ofisini usiandike tena, hawatanipa barua. Tuma kwa Bi Usha mshona blauzi, chumba cha kumi na nne, nyuma ya stesheni ya Goregaon, na juu ya bahasha andika jina langu lote.

Mdogo wako,
Ranjana Jha