Bundi wa Mfenesi Wetu

Mke wangu bibi, shikamoo.

Tangu uhamie kwa shangazi huko Kidodi, Kilosa nzima haina mkulima kama mimi. Sijatia chumvi. Mabwana shamba wenye vyeti wanapita na pikipiki, wanapunguza mwendo, wanaangalia nyanya zangu, wanameza mate. Mimi, niliyefeli darasa la saba!

Na sumu sijanunua hata kijiko. Vibarua wangu ni walewale tuliowakaribisha pamoja. Vyura bado wanalala kwenye ile sufuria iliyotoboka uliyoizika chini ya kivuli. Jioni wanatoka kuwinda wadudu. Kinyonga yupo kwenye mbaazi. Unakumbuka nilivyomwona mara ya kwanza, nikatupa jembe nikakimbia? Ulicheka mpaka kanga ikadondoka.

"Mume gani wewe, unamkimbia kibarua? Mwache, yuko kazini."

Nilipoanza kujitetea ukasema, "Huo mdomo ungekuwa jembe, tungeshalima mpaka Mikumi."

Bundi naye ana makinda, kwenye boksi lilelile juu ya mfenesi. Panya waliokuwa wanafukua karanga zetu sasa nawaona vimifupa tu chini ya mti.

Ila watu hawaji, bibi. Mama Neema, aliyekuwa haishi kuomba chumvi, siku hizi anazungukia njia ya reli. Ugali napika wa watu wawili, mkono umezoea. Jioni nawatania vyura. Wananitazama tu. Wewe ungenirudishia.

Sasa shangazi, najua ni wewe unayemsomea. Hapa usiruke, soma kwa sauti. Siku uliyokuja kumchukua, ulisimama uani ukasema, "Mama, watu wanakuita mchawi. Huyu bundi kaletwa na nani?" Bibi aliniangalia kidogo tu, halafu akajibu, "Na mimi."

Mimi nilikuwa nafunga godoro lake kwenye pikipiki. Nikaendelea kukaza kamba.

Lile boksi nililigongelea misumari mimi, nikalipandisha mtini mimi. Bibi alikuwa chini, ananionya nisivunjike mguu. Kijiji kizima nimekitambia kila kitu isipokuwa hilo, kwa kuogopa jina la mchawi lisinigande. Bibi alidanganya kwa ajili yangu, nami nikamwacha apande pikipiki.

Mumeo wa utani,
mjukuu wako niliyebaki nyumbani