Kiwambo cha Sikio la Baba

Kwa Baba mpendwa,

Kabla ya yote nauliza hali yenu, wewe na mama yetu, Mwaitu, na mbuzi wote, pamoja na yule wa pembe moja anayekula nguo kwenye kamba. Mimi ni mzima. Joto la hapa Maskati ni kali kushinda la Mutomo, ila kazi yangu ni ya ndani na ndani kuna hewa baridi. Barua hii anakuletea Ndunge, rafiki yangu wa Matiliku, ambaye mkataba wake umeisha. Vaa miwani uisome mwenyewe. Usimpe Mumo akusomee, maana huyo mdogo wangu akisoma huruka mahali anapoona pana maneno mengi.

Utajiuliza kwa nini nakuandikia na simu ipo. Simu imetushinda, Baba. Mara ya mwisho nilikueleza kwamba Mutinda, yule kijana wa Kiboko mnayemjua, anataka kuwaleta wazee wake nyumbani na mbuzi wa ntheo, kwa sababu bila mbuzi hao sitahesabiwa mke wa mtu hata tukizeeka pamoja. Nikakuuliza unasemaje. Ukanijibu, "Imenyesha kidogo tu, lakini ndengu zimeota." Nikarudia. Ukasema network ya Uarabuni ni mbaya sana, ukampa Mumo simu.

Network haina makosa. Mumo akaniambia, "Wewe usijali. Siku hiyo nitaketi kando yake, nikimgusa goti anatikisa kichwa kukubali." Nilicheka naye. Nilipokata simu nililia, nakwambia ukweli. Akaniambia pia jinsi mchungaji alivyouliza kanisani nani atasimamia ujenzi wa choo, wewe ukaitikia ukidhani unajuliwa hali. Sasa wewe ni mwenyekiti wa choo. Hongera, lakini sitaki niolewe kwa njia hiyo hiyo.

Mumo ndiye aliyenieleza pia habari ya mafuta. Kila jioni unapasha mafuta ya mbarika, unalala upande mmoja, na Mwaitu anakudondoshea sikioni. Alipokuuliza ni ya nini, ulimwambia sikio nalo lina ngozi yake kama ngoma, na ngozi ikikauka hupakwa mafuta ikarudi kulia vizuri. Sikushangaa. Mtu aliyetengeneza ngoma za makanisa na mashule yote ya upande wetu angefikiria nini kingine?

Sasa nikueleze yaliyonipata hapa. Bi Zuwena, yule mama mzee ninayemtunza, alizaliwa Unguja, na Kiswahili chake ni kile cha redio. Changu anasema kina mawe kama mchele wa dukani. Juzi sikio lilimwasha nikampeleka kliniki. Ukutani kulikuwa na picha kubwa ya sikio lililopasuliwa katikati, na ndani kabisa kuna kitu cheupe, chembamba, kimefunga njia. Nikasema, "Hiyo ni ngoma ya sikio."

"Wengine husema hivyo," Bi Zuwena akasema. "Sisi twaita kiwambo. Na ile ngozi ya juu ya ngoma, kwenu mwaiitaje?"

"Ngozi tu, Bi."

"Ngozi ni ya mbuzi, mwanangu. Ukishaivuta ukaikaza juu ya mzinga wa ngoma, umeiwamba, na hapo inakuwa kiwambo. Hata kitanda cha kamba huwambwa. Na hicho cha sikioni ni kiwambo vilevile, kimewambwa na Mungu, sauti ikikigonga kinatikisika."

Nilikuona akilini, Baba, umepiga goti juu ya gogo la mukau, ngozi ikiwa bado mbichi, unaivuta huku na huku na kuipigilia vijiti pembeni. Maisha yako yote umekuwa ukiwamba, na neno lenyewe nimekuja kufundishwa na bibi wa Unguja huku ugenini. Kwa hiyo nikamweleza kwa maringo kazi yako, kisha nikamweleza na dawa yako ya mbarika. Bi Zuwena aliacha kutabasamu. Alimgeukia daktari akamweleza kwa Kiarabu.

Daktari aliuliza swali moja: sikio linatoa maji? Nikasema ndiyo, mdogo wangu anasema asubuhi mto huwa na doa, na sisi tulidhani ni mafuta yanarudi. Akasema hawezi kuhukumu sikio ambalo hajaliona, lakini maji yakitoka mara nyingi ni kwamba kiwambo kimetoboka. Mafuta yanapita kwenye tundu, yanaingia ndani ambako hayafai kufika, na uchafu unafuata. Lisitiwe kitu chochote, lisiingie maji ya kuoga, na lichunguzwe upesi.

Najua utasema daktari wa Uarabuni hajui mbarika. Basi tumwache, nikuulize wewe fundi. Unakumbuka wanakwaya walioleta ngoma yenye tundu dogo kama punje ya ndengu? Walikuomba uipake mafuta tu, wapige Jumapili ipite. Uliwakatalia kabisa. Ulisema mafuta ni ya ngozi nzima, ukipaka iliyotoboka unalainisha kingo na tundu linapanuka. Ukang'oa vijiti vyote, kwaya ikaimba bila ngoma, na wakakununia hadi Krismasi. Wewe hukujali. Sasa ngoma ya watu uliihurumia kiasi hicho, na sikio lako unalifanyia yale yale uliyokataa kufanyia ngoma?

Mimi naogopa, Baba. Naogopa utaendelea kutikisa kichwa na kusema network hadi sikio la pili nalo lifuate. Mumo atakupeleka hospitali siku ya soko. Ukiulizwa umeweka nini sikioni, usiseme hakuna. Sema mbarika, hakuna atakayekucheka.

Mwambie Mwaitu chupa ya mafuta airudishe kwenye ngoma, na kitenge chake kiko kwa Ndunge. Nisalimie mama mdogo anayeuza ndengu sokoni, na nyanya yetu, susu, ambaye kwa umri wake bado anasikia watu wakimsema nyumba ya pili. Mchungaji naye msalimie, mwambie choo kitajengwa.

Mutinda nimemwambia angoje. Wazee wake wamenuna kidogo, lakini wanajua kwetu kuna baba. Sitaki kuguswa goti kuwe ndiko kukubali kwako. Wakija, nataka swali lote ulisikie mwenyewe hadi mwisho wake, ulipime, na ukitaka kukataa, Baba, ukatae.

Ni mimi binti yako,
Syombua