Kochi la Maarusi

Chanji,
Sumbawanga.
Jumamosi, 14 Agosti 1993

Mdogo wangu mpendwa Gaudensi,

Pokea salamu nyingi kutoka kwa dada yako Bertilla. Natumaini barua hii itakukuta mzima hapo Mbeya, na kazi zako zinakwenda. Mimi ni mzima wa mwili. Baridi ya mwaka huu imetushika kweli, masweta hatuvui mpaka saa nne asubuhi, lakini ulezi umeshaingia ndani na mahindi hayakututupa. Baba naye anakula na kutembea vizuri, ila mtoto wa jicho sasa amefunika macho yote mawili, na watu anawatambua kwa sauti tu.

Barua yako ya mwisho nimeipata. Umeuliza mara tatu katika ukurasa mmoja kwa nini baba amekataa kupeleka washenga kwa mzee Masunga, na kama ni kwa sababu Rhoda ni Msukuma na watu wake ni wafugaji. Umesema pia kwamba mwezi huu ukiisha bila mzee wetu hata mmoja kufika, mzee Masunga atahesabu kuwa binti yake hana mchumba. Nimekaa na barua hiyo siku tisa. Tafadhali usimchukie baba. Kabila la Rhoda halimo kabisa katika jambo hili. Siku ya kwanza alipolisikia jina lake alicheka, akasema angalau safari hii ukoo wetu utakunywa maziwa. Jambo ni lingine, na inabidi nianze mbali kidogo, univumilie.

Unalikumbuka lile kochi letu la watu wawili, la mninga, lenye mgongo wa henzirani, ambalo mafundi wa misheni walilichonga zamani na padri akampa baba alipoanza ukatekista. Baba na marehemu mama walikalia kochi hilo siku ya ndoa yao, na tangu hapo kila maarusi wa kigango chetu walikuja kuliazima, wakitoka kanisani wanakaa hapo wawili kupokea zawadi. Likirudi, baba analipaka nta ya nyuki na kuliweka pale pale chini ya dirisha. Jioni anakaa upande wa kushoto. Upande wa kulia, tangu mama afariki, hakai mtu, hata paka anafukuzwa.

Sasa nikuambie kitu ambacho sijawahi kumwambia mtu. Mimi kochi lile nililichukia. Wewe unajua nilivyoondoka hapa na Steven wa malori bila ndoa wala baraka, na nilivyorudi miaka mitatu baadaye na sanduku langu. Tangu nirudi, kila wakija watu kuliazima, mimi ndiye nalifuta vumbi, mimi ndiye nafuma vitambaa vya kulipamba, na mimi ndiye naulizwa na akina mama, kwa huruma yao ile inayochoma, kama bado sijapata mtu. Nilichoka kuwasafishia wenzangu kochi la maarusi.

Halafu zikaja hizi biashara huria. Mtaa wa Majengo huutambui siku hizi. Watu waliopanga foleni ya sabuni leo wanachagua sabuni kwa harufu. Meza yangu ya mitumba iko kati ya muuza redio na muuza rangi za kucha. Coleta jirani yetu alinunua sofa la seti nzima, jekundu, na mpaka leo hajalivua nailoni, ukikaa unateleza na jasho linakutoka. Hata hivyo jumuiya ikisali kwake watu wote wanasifia, na wakija kwetu wanatafuta benchi kwa sababu kochi la baba haliguswi. Niliona aibu, Gaudensi. Aibu ya kijinga, lakini niliiona.

Mwezi wa sita baba alikwenda Namanyere kukaa wiki mbili kwa shangazi Rozina. Siku hizo hizo alipita bwana mmoja na lori, analeta masofa kutoka Dar es Salaam na kukusanya samani za zamani. Aliingia ndani, akaliona kochi, akapiga goti kulitazama chini, akasema yuko tayari kuniachia seti nzima ya sofa tukibadilishana. Nikamwona mjinga. Nilicheka peke yangu alipoondoka nalo.

Baba aliporudi, alitembea kama kawaida yake kutoka mlangoni hadi dirishani, akashusha mkono kutafuta mbao, ukagusa manyoya ya sofa. Akasimama. Akaniuliza, taratibu kabisa, kama ameingia nyumba ya watu. Nikamwambia ni kwetu. Akauliza kochi liko wapi, nikasema limeondoka. Akapapasa lile sofa lote, kiti kwa kiti. Kisha akauliza ni nani aliyetoa ruhusa.

Hapo ndipo nilipoharibu. Barua yako ya mwezi wa sita ilikuwa juu ya kabati, imefika juzi yake, sijamsomea. Niliichukua, nikaifungua mbele yake ili asikie karatasi, nikamsomea maneno ambayo hukuyaandika. Nilisoma kwamba wewe umeagiza kochi litolewe, kwamba ni takataka, kwamba huwezi kumleta mchumba wako nyumba yenye kitu kama kile.

Mdogo wangu, mimi na wewe tunajua barua ile ilisemaje. Uliomba kochi lipakwe nta na litunzwe, kwa kuwa unataka wewe na Rhoda mkae pale walipokaa baba na mama. Niliyaona maneno hayo kwa macho yangu wakati kinywa changu kinasema mengine. Baba alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, kama mwanawe anaona aibu kwa kiti cha mama yake, basi atafute baba mwingine wa kumposea. Tangu siku ile hakai sebuleni. Anakaa jikoni juu ya kigoda. Barua zako mbili zilizofuata alikataa nisimsomee, na mimi, Mungu anisamehe, nilishukuru.

Nilimfuata yule bwana Majengo alipopita tena. Kochi liko katika hoteli ya watalii huko Arusha, halirudi.

Leo Jumatatu naendelea. Juzi nilitaka kuifunga barua hii na kuipeleka kwenye basi, nikashindwa. Nikaona nikikuambia wewe peke yako, utabaki na mzigo wangu na baba atabaki na uongo wangu. Jana baada ya misa niliingia jikoni nikamsomea yote uliyoyasoma hapa, neno kwa neno, pamoja na ya Steven. Aliomba nirudie pale ulipoandika kuhusu wewe na Rhoda kukaa walipokaa wao. Nikarudia. Alilia, Gaudensi, na mimi nikalia, lakini hakuniita nisogee.

Baadaye akaniagiza niandike haya. Washenga wataondoka Ijumaa, yeye mwenyewe atakuwa pamoja nao, mzee Rafaeli atamshika mkono njiani. Umwambie mzee Masunga asubiri. Anasema pia mkija mtakaa hata kwenye mkeka, baraka zake mtazipata.

Kisha akamtuma mtu amwite mwalimu Fabiani. Mwalimu alipofika, baba alimkabidhi zile barua zako mbili na kumwomba amsomee. Mimi niliambiwa nitoke nje. Kwa hiyo kuanzia sasa, ukimwandikia baba, juu ya bahasha andika kwa mkono wa mwalimu Fabiani, Shule ya Msingi. Baba hataki tena nimsomee mimi.

Nisalimie Rhoda, na umwombe anisamehe kabla hajanijua. Coleta na jumuiya nzima wanakusalimu. Mwenyezi Mungu akulinde.

Ni mimi dada yako,

Bertilla